Yoga kwenye kiti: jinsi ya kufundisha darasa lisilomwacha mtu mlangoni

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa yoga, mtaalamu wa fiziotherapia, mwalimu wa shule au kiongozi wa kikundi cha wazee anayetaka kuanzisha darasa ambamo mama aliyepata kiharusi, kijana wa kiti mwendo na bibi mwenye magoti mabovu wanajifunza pamoja, chumba kimoja, kwa wakati mmoja. Nafundisha madarasa ya namna hii Dar es Salaam, na ninaloliamini kuliko yote ni hili: panga darasa kwa kumfuata yule ambaye mwili wake unambana zaidi, na wengine wote watajipata humo humo. Ukifundisha waliosimama halafu ukamwambia mama wa kiharusi "wewe fanya unachoweza", umeshamweka pembeni kabla hajavuta pumzi ya kwanza.

Wapo watakaokuambia kwamba yoga ya kwenye kiti si yoga kamili. Wajibu kwa upole. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa Pune, India, aliyezaliwa mwaka 1918 na kusumbuliwa na malaria, taifodi na kifua kikuu alipokuwa mdogo, ndiye aliyeeneza matumizi ya viti, kamba, matofali ya mbao na mablanketi ili mwili mgumu au mgonjwa nao upate faida ya zoezi. Matthew Sanford wa Minnesota, Marekani, alipooza kuanzia kifuani kwenda chini kwa ajali ya gari mwaka 1978 akiwa na miaka 13, na amekuja kuwa mwalimu wa yoga anayefundisha kutoka kwenye kiti mwendo. Kwa upande wa utulivu wa akili, Jon Kabat-Zinn alianza mafunzo yake mwaka 1979 katika hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts, na waliomjia mwanzoni ni wagonjwa wenye maumivu sugu ambao tiba nyingine hazikuwasaidia vya kutosha. Kwa hiyo hufundishi kitu cha pembeni.

Hatua ya 1: Kagua mahali kabla hujatangaza

Nenda ukumbini pamoja na mtu anayetumia kiti mwendo. Mwombe aingie mwenyewe kutoka barabarani hadi chooni, nawe ufuate nyuma bila kumsukuma. Utaona vitu unavyovipita kila siku bila kuviona: mtaro usio na mfuniko, mchanga mwingi getini, kizingiti cha mlango, choo ambacho mlango wake unafungukia ndani na hauachi nafasi ya kugeuza kiti.

Kizingiti kina hesabu yake. Kipimo kinachotumika sana ni sentimita 12 za urefu wa mteremko kwa kila sentimita 1 ya kimo, kwa hiyo ngazi ya sentimita 15 inahitaji ubao wa mita 1.8. Seremala akikukatia ubao wa mita moja kwa sababu ndio aliokuwa nao, mtu wa kiti mwendo atapanda kwa kusukumwa na kushuka kwa hofu. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 angalau. 90 ni bora zaidi. Mwenye ukumbi akiona mteremko huo ni hisani, mkumbushe kwa heshima kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, Kenya mwaka 2008, na ibara ya 30 inataja waziwazi haki ya kushiriki michezo na burudani.

Choo kisipofikika, tafuta ukumbi mwingine. Mtu asiyeweza kutumia choo hanywi maji tangu asubuhi ili tu aje darasani, na kwa mwenye selimundu kukaa na kiu kunaweza kuamsha maumivu makali.

Halafu nauli. Wengi wanaotumia viti mwendo hawawezi kupanda daladala, wanakodi bajaji kwenda na kurudi, kwa hiyo darasa la bure linawagharimu wao kuliko mtu mwingine yeyote. Chagua ukumbi ulio karibu nao hata kama si mzuri sana, na panga saa ambayo foleni imepungua. Saa nne asubuhi inafaa. Msaidizi anayemleta mtu asilipishwe. Mpe kiti naye ajinyooshe, maana anayemwinua mgonjwa kitandani kila siku ana mgongo unaohitaji darasa hili.

Hatua ya 2: Viti, kanga na mito

Kiti kizuri hakichezi, hakina magurudumu, na kina kimo cha sentimita 43 hadi 46. Kisicho na mikono kinaruhusu kujipinda, lakini mzee anayejisukuma ili asimame anaihitaji mikono hiyo, basi weka vichache vya aina hiyo. Viti vya plastiki vya kukodi ndivyo vilivyopo mitaani kwetu, na udhaifu wake unajulikana: miguu inatanuka kwenye vigae na mtu mzito akiegemea upande mmoja kinapasuka. Pachika viwili kimoja juu ya kingine kama watu wanavyofanya kwenye shughuli, viweke juu ya mkeka wa mpira usioteleza, na mgongo wa kiti uguse ukuta.

Mtu ambaye nyayo zake hazifiki chini mwekee tofali la mbao au vitabu vinene vilivyofungwa kamba, kwa sababu mguu unaoning'inia huvuta kiuno. Aliye mrefu mwongezee blanketi lililokunjwa.

Kanga inashinda mikanda ya kununua. Urefu wake wa karibu mita moja na nusu unatosha kupita chini ya unyayo na kushikwa kwa mikono miwili, haikati ngozi, na kila nyumba inayo. Ikunje iwe mto wa kiuno. Ifunge kwenye mapaja, juu kidogo ya magoti, kwa mtu ambaye miguu yake iliyopooza hutanuka yenyewe. Tumia fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja na usibane, kwa kuwa mwenye ganzi hatajua kama inamuumiza.

Anayetumia kiti mwendo abaki humo akitaka. Muombe kwanza asogeze kiti nyuma kidogo ili magurudumu madogo ya mbele yaelekee mbele, kisha funga breki zote mbili. Kiti kinasimama juu ya eneo refu zaidi na hakipinduki kirahisi anapoinama.

Hatua ya 3: Mazungumzo ya kabla ya siku ya kwanza

Fomu peke yake haitoshi. Kaa na kila mmoja kwa dakika kumi, faragha. Msalimie mzee shikamoo, na uongee naye mwenyewe, usiongee na aliyemleta kana kwamba yeye hayupo. Swali langu la kwanza huwa: "Mama, ni kitu gani ungependa uweze kukifanya nyumbani ambacho sasa kinakushinda?" Majibu ndiyo mtaala: kufunga kanga mwenyewe, kuchana nywele, kuinuka kutoka choo cha kuchuchumaa, kugeuka kitandani, kupata usingizi.

Kisha uliza afya. Yafuatayo uyajue kichwani, na palipo na shaka mtu arudi kwanza kwa daktari wake.

Mwenye presha ya kupanda isiyodhibitiwa, au presha ya macho, kichwa chake kisishuke chini ya moyo. Anapoinama mbele, viganja viishie magotini au kwenye meza. Asibane pumzi hata kwa sekunde chache. Mjamzito naye asibane pumzi, asijipinde tumbo, na mimba ikishakuwa kubwa asilazwe chali kwa muda mrefu. Mwenye kifafa asifanye upumuaji wa haraka haraka.

Bibi ambaye mifupa yake imekuwa dhaifu ndiye anayeumizwa sana na walimu wenye nia njema. Usimwambie akunje mgongo mbele kama anayetafuta kitu chini ya kiti. Pingili za uti wa mgongo zinaweza kuvunjika kwa kushindiliwa. Ainame kwa kukunja nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, na kujipinda kuwe kidogo.

Mwenye kisukari cha muda mrefu kagua anakanyaga nini, kwani miguu yenye ganzi hukanyaga msumari bila habari. Mwenye ualbino asiwekwe juani mkifanyia uwanjani, na akae karibu nawe kama haoni mbali.

Jeraha la uti wa mgongo linahitaji umakini wa pekee. Mtu aliyeumia kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu ya hapo anaweza kupandwa na presha ghafla kwa sababu ya kitu kidogo kilicho sehemu ya mwili asiyoisikia: kibofu kilichojaa, mpira wa mkojo uliojikunja, nguo inayobana, kanga uliyoifunga wewe. Dalili ni kichwa kinachogonga, jasho na wekundu usoni, vinyweleo kusimama. Ukiona hivyo, muache akiwa ameketi wima, usimlaze kamwe. Legeza kila kinachobana, angalia mpira wa mkojo, na hali isipotulia mara moja apelekwe hospitali. Mtu huyo pia anapaswa kuinua makalio au kuegemea pembeni kila baada ya dakika 15 hadi 30 ili asipate vidonda vya mgandamizo. Mimi nimeliingiza jambo hilo ndani ya darasa: kila robo saa wote tunaegemea kulia, kisha kushoto, kisha mbele, na hakuna anayeonekana wa tofauti.

Hatua ya 4: Panga chumba na maneno yako

Keti. Mwalimu afundishe kutoka kwenye kiti, mwanzo hadi mwisho. Ukisimama na kuonyesha mkao mzuri wa mguu mmoja, macho yote yatakufuata wewe na miili yao itajiona imepungukiwa.

Viti viwe nusu duara. Kiziwi akae mahali anapokuona wewe na mkalimani wa lugha ya alama kwa pamoja, mwanga ukiwa usoni mwenu, usiwe mgongoni. Onyesha kwanza, nyamaza, kisha wafanye. Anayetazama mikono ya mkalimani hawezi wakati huo huo kuinamisha kichwa. Usimwambie afumbe macho bila kukubaliana naye jinsi utakavyomwita. Kuzima na kuwasha taa mara mbili kunatosha.

Kwa asiyeona, maneno "hivi" na "pale" hayana maana. Taja kiungo, upande na mahali: "Kiganja cha kulia juu ya goti la kulia. Telezesha kiganja kwenye paja hadi kifike nyonga." Ukizoea kusema hivyo, hata wanaoona wanafanya vizuri zaidi. Kwa mwenye ulemavu wa akili au usonji, mpangilio usibadilike wiki hadi wiki, sentensi ziwe fupi, muziki uzimwe, na kwake kipindi kisizidi nusu saa.

Kumgusa mtu ni mpaka kuombwa ruhusa, kila siku upya. Aliyekubali jana huenda leo hataki. Watu wenye ulemavu hushikwashikwa, hubebwa na kusukumwa na watu baki bila kuulizwa, na darasani kwako hilo lisitokee.

Hatua ya 5: Kipindi chenyewe, dakika 45

Anza na dakika tano za kuketi. Nyayo chini, makalio yasogee mbele kidogo ili mgongo usimame wenyewe, anayechoka aegemee. Pumzi iingie kwa hesabu ya nne na itoke kwa hesabu ya sita. Asiyefika sita aishie pale anapofika.

Endelea na shingo na mabega. Kidevu kielekee bega la kulia, kirudi katikati, kielekee kushoto. Usiwazungushe kichwa duara zima kwenda nyuma; wazee wengi hupata kizunguzungu. Mabega yapande kuelekea masikioni pumzi inapoingia, yaanguke inapotoka.

Kuinua mikono ndipo darasa la mchanganyiko linapojaribiwa, basi nieleze kwa kirefu. Aliyepata kiharusi mkono mmoja haujibu. Asivute mkono huo kwa vidole wala kwenye kifundo, na wewe usimshike ukamvuta juu, kwa sababu misuli ya bega imelegea na bega linaweza kuchomoka mahali pake. Aweke mkono dhaifu juu ya mkono mzima, kama mama anavyopakata mtoto, kiganja kizima kikishika chini ya kiwiko. Pumzi ikiingia, mikono yote miwili inyanyuke hadi usawa wa kifua, isipite bega. Pumzi ikitoka, ishuke. Sasa darasa zima lifanye hivyo hivyo: kila mmoja apakate mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, kisha abadilishe. Kijana mwenye nguvu atashangaa jinsi bega lake linavyofanya kazi mkono unapoinuka taratibu namna hii. Baada ya mizunguko kadhaa, anayetaka kuachia mikono na kuipeleka juu kabisa anaachia. Zoezi la msingi limekuwa la yule mama, na kilichoongezwa ni hiari ya wengine.

Fuata na kujipinda: kiganja cha kulia kwenye goti la kushoto, cha kushoto kwenye ukingo wa kiti, kifua kigeuke hadi pale pumzi inapopita bila kukwama. Pumzi ikikatika, umezidisha. Kisha upande wa pili.

Miguu. Anayeweza anyanyue goti moja, kwa zamu. Mwingine apitishe kanga chini ya unyayo na auvute mguu mbele kwa mikono. Asiyehisi miguu na anayeshika mguu wake mwenyewe kuusogeza anafanya zoezi kamili la mikono, kiuno na akili. Malizia na kuinuka kwa wale waliokuambia choo kinawasumbua: nyayo nyuma kidogo ya magoti, kifua kiinamie mbele juu ya mapaja, mikono ikisukuma kiti, makalio yanyanyuke kidogo tu kisha yarudi polepole. Kurudi polepole ndiko kunakojenga misuli.

Dakika kumi za mwisho ziwe za kupumzika kwenye kiti, mto nyuma ya kichwa kama ukuta uko karibu. Usilazimishe kulala sakafuni. Kumshusha mtu na kumwinua tena kunachukua nusu ya darasa na kunaondoa heshima yake.

Hatua ya 6: Utulivu wa akili bila kulazimisha

Hapa lugha yako ndiyo kifaa. Sema: "Ukipenda, fumba macho. Ukipenda, tazama sakafu mbele yako." Aliyewahi kupigwa au kushambuliwa hawezi kutulia akiwa amefumba macho kati ya watu, na hatakuambia sababu. Mwachie pia achague wapi pa kuweka mawazo, kwani pumzi haimfai kila mtu. Mwenye pumu au hofu kubwa huzidiwa anapoifuatilia. Anaweza kusikiliza sauti za nje, pikipiki, kunguru, muuza karanga, moja baada ya nyingine bila kuifuata. Anaweza kupapasa pindo la kanga kwa vidole, kidole kimoja kimoja.

Mnapopita mwilini kiungo kwa kiungo, usiseme "sikia miguu yako." Sema "peleka mawazo miguuni, iwe unaisikia au huisikii." Aliyekatwa mguu bado anaweza kuuhisi, wakati mwingine kwa maumivu, mwambie kabla kwamba jambo hilo linajulikana kitabibu na kwamba ana ruhusa ya kuruka sehemu hiyo.

Mtu akianza kutetemeka au kulia, usimkimbilie wala kumkumbatia. Kwa sauti ya kawaida liambie darasa zima lifumbue macho, likanyage sakafu kwa nguvu, na kila mmoja ataje kimoyomoyo vitu vitano anavyoviona. Baadaye zungumza naye pembeni na umwelekeze kwa mshauri nasaha au hospitali. Dakika tatu za ukimya zinatosha kwa mwezi wa kwanza.

Suala la imani litakuja, na ni haki lije. Mimi siimbi maneno ya Kisanskriti wala sikutanishi viganja kifuani, vinakaa mapajani. Mwalike shehe au mchungaji wa mtaa aje aone darasa kabla halijaanza rasmi. Kina mama wanaotaka darasa lao peke yao wapewe, na buibui halimzuii mtu zoezi lolote kati ya haya. Ramadhani fupisha kipindi na uondoe mazoezi ya nguvu, kwa kuwa waliofunga hawatakunywa maji.

Hatua ya 7: Baada ya darasa

Uwe na daftari. Andika kwa kila mtu alichofanya, alichoacha na alichosema anakisikia mwilini. Maumivu ya misuli yanayoisha kesho yake ni kawaida; yakivuka saa 24 au yakiwa ndani ya kiungo, punguza mazoezi yake kwa nusu katika wiki inayofuata. Kila baada ya wiki chache rudi kwenye swali la mwanzo: kanga sasa inafungika?

Mafunzo yako yasiishie kwenye cheti. Kozi ya saa 200, ambayo ndiyo kipimo cha kuanzia kwa Yoga Alliance, shirika la Marekani linalosajili walimu wa yoga, inaweza kumalizika bila wewe kumfundisha mtu hata mmoja wa kiti mwendo. Omba kukaa siku chache na wataalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya wilaya, ujifunze kumhamisha mtu kutoka kiti kwenda kiti bila kumuumiza. Walio Nairobi wanaweza kuanza na Africa Yoga Project, ambayo ilianzishwa mwaka 2007 na hufundisha vijana kuwa walimu.

Mtu asipoonekana mara mbili mfululizo, mpigie simu. Muulize nauli, muulize choo, muulize kama kuna neno ulilosema likamkera. Kama ni nauli, panga majirani wawili wachangie bajaji moja, na mkubaliane na dereva wa kudumu ambaye ameshajifunza kukunja kiti mwendo na kukifunga nyuma.